Upande wa Rangi

4 Februari

Dada,

Salamu nitaziweka mwishoni, maana nikianza nazo utadhani sina haraka. Nina haraka. Naandika nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwa sababu viti vya studio vimebebwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa kwanza siku hizi hawamwogopi mtu.

Sikupigi simu kwa kuwa unajua tukipigiana inakuwaje. Unasema, nasema, mmoja anakata, halafu wiki nzima tunanuniana. Barua huwezi kuikata katikati. Labda uichane, lakini mpaka uichane utakuwa umeshaisoma.

Shida yangu ni hii. Maonyesho yetu ya mwisho ni mwanzoni mwa Aprili. Asiyetundika kazi ukutani siku hiyo hapati shahada, hata awe amehudhuria vipindi vyote tangu azaliwe. Na mwalimu wetu wa uchoraji, yule tunayemwita Bwana Kwa Nini, amepita kwenye kona yangu, akatazama michoro yangu ya machupa, ya matunda na ya lile dirisha nililolihangaikia muhula mzima, akasema, "Nzuri." Dada, kwa mtu huyu "nzuri" ni tusi. Kazi anayoiheshimu huiuliza kwa nini. Kwa nini kijani hapa? Kwa nini umeacha pembe tupu? Machupa yangu hakuyauliza kitu.

Kwa hiyo nataka zile picha tatu nilizomchora Baba. Ziko nyuma ya kabati la Mama, ndani ya bomba la plastiki, nilipoziacha likizo chuo kilipotuambia tuondoe kila kitu stoo ipakwe rangi. (Imepakwa. Ina rangi ya maziwa yaliyoharibika.) Usizitoe kwenye bomba, usizikunje, usizifungue kuonyesha majirani. Mpe mtu wa mizigo bomba zima kama lilivyo. Zifike mwezi huu huu, maana lazima nizirudishe kwenye fremu na kuziweka sawa.

Mwambie Mama asisumbuke, najua hajawahi hata kulifungua hilo bomba. Miaka yote hii hajatazama picha yangu hata moja. Mwambie tu nasoma.

Haya sasa, salamu. Wote hawajambo?

Mdogo wako,
Kijiko


13 Februari

Kijiko,

Sisi wazima, ahsante kwa kuuliza mwishoni kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichonunua.

Huku mvua imetukalia vibaya. Mimi nashona sare za shule mpaka vidole vimekufa ganzi, maana mwenye karakana amepokea kazi ya shule tatu wakati mafundi tupo wawili na cherehani moja inaruka nyuzi. Mama ana kikohozi lakini ukimuuliza anasema ni vumbi. Vumbi gani kwenye mvua hii, hasemi.

Picha zako zipo. Hazijatoka nyumbani. Ila mtu wa mizigo amesafiri, na yule mwingine simwamini, aliwahi kufikisha godoro la watu likiwa limelowa. Ngoja kidogo.

Halafu nikuulize, na usinirukie. Lazima ziwe hizo hizo? Wewe si mchoraji? Mchoraji akiambiwa alete picha si anachora nyingine? Mimi mteja akipoteza gauni nashona jingine, tena la pili huwa linakaa vizuri kuliko la kwanza. Una mwezi na zaidi. Kaa chini uchore.

Mama anakusalimu. Anasema ule.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Nimekurukia.

Gauni lina vipimo. Umeviandika kwenye kitabu chako, unarudi kuvitazama. Vipimo vya Baba nitavitazama wapi? Mtu aliyewanyoa watu wa mtaa mzima na kuwashikia kioo wajione, mwenyewe akiona kamera anakumbuka ana shughuli uani. Tumebaki na ile picha ya kitambulisho ambayo amekaa kama mtuhumiwa.

Hukujua kwa sababu sikukwambia. Nilipotoka msibani nilirudi chuoni, sikulala vizuri, sikwenda darasani, nikachora. Nilikuwa namuona. Nikifunga macho namuona, nikifungua namuona. Nikachora kiti chake cha kunyolea kikiwa kitupu. Nikachora mikono yake na mashine. Nikachora uso wake mkubwa, ukubwa wa godoro la mtu mmoja, vile alivyokuwa akisinzia kwenye kiti cha wateja mchana wateja wakikosekana. Ule uso ndio kazi pekee niliyofanya hapa bila kumfikiria mwalimu.

Na sasa simuoni tena. Ndicho nilichokuwa nakwambia kwa kuzungukazunguka. Juzi nilichukua mkaa nikajaribu. Nikapata mzee mmoja hivi, mtu mzuri tu, wa kumpisha kiti. Si Baba. Nikafuta, nikarudia, akaja mzee mwingine. Nimechora wazee wa watu mpaka karatasi imetoboka. Kwa hiyo siwezi "kukaa chini nikachora". Uso wake uko ndani ya lile bomba, kwingine haupo.

Bwana Kwa Nini ameniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, kwamba kama sina kitu kingine naweza kutundika machupa na kurudia mwaka. Anasema kurudia si aibu. Hasemi nani atanilisha huo mwaka.

Tafuta mtu wa mizigo. Usiniambie ngoja kidogo. Kama mwisho wa mwezi sijaona bomba, nakuja mwenyewe, na nikija nakuja na mdomo wangu.

Kijiko


2 Machi

Mdogo wangu,

Usije. Keti kwanza, kama umepata kiti.

Nimekuwa nikikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na barua yako imenimaliza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia hapa.

Mwezi wa kwanza, upepo uling'oa bati mbili juu ya chumba cha Mama. Unajua nyumba yetu, dari hatuna, bati likitoka ni mbingu hiyo. Fundi bati akaitwa, akaja, akatazama juu akiwa ameshika kiuno, akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Mvua haikusema kesho. Turubai hatukuwa nalo, na la jirani lilikuwa limefunika mbao zake. Niliporudi kutoka karakana nilimkuta Mama juu ya ngazi, nyundo mkononi, misumari ya bati mdomoni. Bomba lako liko sakafuni, wazi.

Amezipigilia zote tatu, Kijiko. Kitambaa kizito, kimepakwa rangi ya mafuta, kwa macho ya mtu mwenye shida ni dawa ya paa. Zimekaa hapo wiki kwa wiki. Kila ulipouliza nilikuwa namwambia Mama tuziteremshe, naye anasema fundi anakuja kesho.

Jumamosi fundi amekuja kweli. Bati zimerudi. Nimeziteremsha kwa mikono yangu, nimezikausha kivulini, nimezifuta kwa kitambaa kikavu, nikaacha kufuta nilipoona rangi inakuja na kitambaa. Nimezirudisha kwenye bomba na mtu wa mizigo ninayemwamini ameondoka nazo leo. Zitakufikia karibu sawa na barua hii.

Mama alisema usiambiwe mpaka umalize mitihani. Nimekwambia. Nitukane ukipenda, ila unitukane mimi.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Zimefika.

Nilizifungua sakafuni studio, wenzangu wakasogea kusaidia, halafu mmoja mmoja wakakumbuka wana kazi. Sikutukani. Matusi yameniishia siku ya kwanza, niliutukana ukuta.

Kiti kina mashimo ya misumari pembezoni na kila shimo limezungukwa na kutu. Mikono hivyo hivyo, na mstari wa uchafu katikati maji yalipotuama. Hizo mbili zinaoshwa, zinazibwa, zinaishi. Lakini uso! Rangi imevimba, imepasuka, imebanduka vipande vipande. Shavu moja halipo. Paji la uso limebaki nusu. Ndani ya bomba nimekuta magamba ya rangi, nimeyamwaga kwenye kikombe, sijui hata nayafanyia nini. Jicho gani, mdomo gani, sijui.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo ninaposhikwa na wazimu. Zile mbili mlizipigilia sawa, upande wa rangi juu. Maji yamepita juu ya mafuta yakaenda zake, ndiyo maana zimepona. Ile ya uso mliigeuza! Rangi ikatazama chini, chumbani, na mgongo wa kitambaa mtupu ukatazama mvua. Kitambaa kimekunywa, kikalegea, rangi ikaachia. Naona kabisa maji yalikoingilia. Hata kuku anajua manyoya yanakaa nje. Kama mliamua kuniharibia, mngeniharibia kwa akili! Mngeweka sawa ingepona kama wenzake, na Mama asingenyeshewa.

Kwa nini hiyo moja tu? Ilikuwa giza? Mlichoka? Ni mtu gani anapigilia mbili sawa na ya tatu, iliyo muhimu kuliko zote, anaipindua?

Sina muda wa kuitengeneza na sina cha kuifananisha nacho. Nitaitundika kama ilivyo niende nikafeli kwa utulivu. Mama usimsalimie.

Kijiko


18 Machi

Kijiko,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sikutaka kuikalia.

Nilimwambia. Nilishika ngazi kwa chini huku maji yananiingia shingoni, nikamwambia, "Mama, hiyo umeigeuza, upande wa rangi uelekee juu." Akasema, "Wewe shika ngazi." Nikamwambia tena. Akasema nikijua sana nipande mimi. Usiku ule ule ikaanza kuvuja, juu ya kitanda chake, nikamwambia asubuhi tuigeuze, akasema iache. Wiki zote hizo amelala na beseni miguuni. Kile kikohozi unadhani kimetoka wapi? Hakuwahi kusema kwa nini, na unamjua Mama, asiposema hata umfunge kamba hasemi.

Na mimi nina langu. Unaandika kana kwamba Baba alikuwa wako peke yako. Wewe ulirudi chuoni kuchora. Mimi nilibaki kugawa nguo zake, kurudisha funguo za kibanda, kuwaambia wateja waliokuja Jumamosi bila habari kwamba kinyozi hayupo. Sikuwa na kitambaa cha kupaka majonzi yangu. Na mvua ilipotoboa paa hukuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo walivyosema wahenga, na lako lilikuwepo nyuma ya kabati.

Ukitaka kujua kwa nini, muulize mwenyewe. Mimi nimechoka kuwa daraja, kila mtu ananipita na viatu.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Ulichosema kuhusu nguo za Baba nimekisoma mara nyingi. Una haki. Sijui niongeze nini, kwa hiyo siongezi.

Nikwambie yaliyotokea jana, kisha umsomee Mama barua hii yote, usiruke mstari.

Siku ya maonyesho tuna utaratibu tunaouita kesi. Kazi yako inatundikwa, walimu na wenzako wanasimama mbele yake wanaizungumza, na wewe uliyeichora husemi kitu mpaka wamalize. Mshtakiwa hajitetei. Wanasema kazi lazima ijisemee. Mimi miaka yote naichukia sheria hii, na jana niliichukia kuliko siku zote.

Kwa sababu waliisifu. Walipita kiti, wakapita mikono, wakafika kwenye uso wakasimama. Kisha mmoja akasema ni kumbukumbu inayooza mbele ya macho yetu. Mwingine akasema kutu ni damu ya nyumba. Msichana mmoja ambaye hajawahi kunisalimia alilia. Walisema nimethubutu, nimeacha kupendeza, hatimaye nimejifunza kuharibu. Na Bwana Kwa Nini alisimama mikono nyuma, hakuuliza swali hata moja, akasema, "Huu ndio mchoro wako wa kwanza."

Miaka minne, Dada! Miaka minne nimejifunza jinsi mwanga unavyokaa kwenye shavu, nikalichora shavu la baba yangu vizuri kuliko nilivyowahi kuchora chochote, na kilichopewa alama ni pale liliposhindwa kubaki. Iliyofaulu ni mvua. Wangemvisha joho fundi bati.

Nikavunja sheria. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuipanga, "Sikuiharibu mimi. Ni paa la mama yangu lilivuja, akaipigilia paani, na akaipindua." Walicheka, walidhani ni sehemu ya kazi. Bwana Kwa Nini pekee hakucheka. Akaniangalia, akauliza, "Kwa nini aliipindua?"

Amekuja kuniuliza siku ya mwisho, swali la kweli, na jibu liko kwa mtu nisiyemsalimia.

Nimefaulu, kwa hiyo mambo ya chuo yamekwisha. Sijafurahi. Mama, kama dada anakusomea hapa, naomba uniambie. Sikugombezi, yaani nilikugombeza lakini nimechoka. Kwa nini uliigeuza?

Kijiko wenu


15 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni dada yako, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze lake.

(Sijaongeza. Dada.)

Hongera ya kufaulu. Baba yako angefunga kibanda mapema siku hiyo. Umeona waliokusifu wamekusifu kwa kisichokuwa chako ukaudhika. Ningekuwa wewe ningeudhika pia, halafu ningechukua cheti changu nikaenda.

Unasema sijawahi kutazama picha zako. Ni kweli. Ulipokuwa unakuja nazo nilikuwa naona machupa. Mtoto amekwenda mbali, amekonda, anarudi na machupa. Nikaona nikitazama nitasema, nikisema utanuna, bora nisitazame.

Siku ile ya mvua nilifungua bomba nikitafuta chochote kikubwa. Nilijua ni machupa. Ya kwanza nikaona kiti, nikasema kumbe, nikapanda nikaipigilia. Ya pili nikaona mikono. Hapo nikasimama kidogo, lakini maji yalikuwa yanaingia kwenye godoro, nikapigilia. Ya tatu nilipoikunjua sakafuni nilikaa chini. Maji yalininyeshea hapo nilipokaa. Nilitaka kuirudisha ndani nikashindwa, kwa sababu tundu lilikuwa limebaki, tena juu ya kitanda. Nikasema basi. Alipokuwa hai paa likitoboka ni nani aliyekuwa akipanda? Si yeye? Na apande.

Nikapanda naye. Dada yako chini anapiga kelele, upande wa rangi juu, upande wa rangi juu, kana kwamba mimi sina akili, sijui mafuta na maji. Nilijua. Nilimshika hivi, nikamwelekeza kule juu, na tone la kwanza likamwangukia machoni. Macho yenyewe umeyachora yamefumba. Mkono wangu ukakataa. Nitamlaza mume wangu mvua inampiga usoni, mimi niko chini nimejifunika? Nikamgeuza. Nikajua nitalowa.

Dada yako aliponiuliza sikumjibu kwa sababu angenionea huruma, na mimi huruma yake siitaki, ana mdomo. Nikalala pale namtazama. Usiku na mchana, hata beseni likijaa. Niliona anavyoanza kutoka. Kwanza shavu, kipande kikaniangukia kwenye shuka. Nikakiokota. Vingine dada yako alivisukuma ndani ya bomba, hicho hakukiona, ninacho.

Kuharibika ni kosa langu, nisamehe. Lakini nilipata muda wa kumtazama kuliko hao wote wa chuoni, kwa hiyo nikwambie. Sikio umelikosea. Umelichora limelala, la baba yako lilisimama, ndiyo maana kofia zilikuwa hazimkai. Na alipokuwa akisinzia hakufunga mdomo namna hiyo, ule ni mdomo wa siku ya msiba, wewe ndiye uliyekuwa na huzuni. Akisinzia mdomo wa chini ulidondoka kidogo, na hapa chini ya pua palikuwa na kovu dogo alilojikata akiwa kijana, kabla hujazaliwa. Kinyozi hajinyoi, nilimwambia. Hilo kovu hukulichora kabisa. Ulikuwa hulijui, lilifunikwa na sharubu.

Unasema humuoni tena. Mimi namuona. Njoo na hicho kitambaa na rangi zako, ukae hapa, nikwambie pa kurekebisha.

Mama